Umeme ulikatika, kompyuta ikapona

Kama umefikiwa na ile odio ya WhatsApp ambamo fundi simu, jirani yangu, anacheka mpaka anakohoa akisimulia jinsi Injenia alivyolia mbele ya wateja mpaka kukatika kwa umeme kukamponyea kompyuta, basi sina haja ya kujificha: Injenia anayetajwa humo ni mimi. Siyakubali yote. Sikulia. Lilikuwa vumbi, na anayeijua Lubumbashi yetu ya Kongo wakati wa kiangazi anajua kwamba vumbi letu jekundu haliingii machoni kwa kubisha hodi. Ila habari ya umeme ni kweli, tutaifikia.

Birotiki yangu, yaani duka la kuchapa na fotokopi, iko Kenya. (Ninyi wa Nairobi tulieni. Kenya ni komini, sehemu ya mji wa hapa kwetu Lubumbashi, ina soko lake na kelele zake.) Nina kompyuta moja ya mezani, printa mbili ambazo ukizijumlisha unapata moja, na mashine ya fotokopi ambayo ndiyo inatulisha: kadi za mpiga kura, diploma, TFC, zile kazi za kuhitimu za wanafunzi. Kompyuta inatumia Windows 7. Najua, najua, Microsoft waliacha kuihudumia Januari 2020. Mimi pia wapo walioacha kunihudumia zamani na bado natembea.

Balaa lilianza na skana. Mjomba alikuja likizo kutoka Ubelgiji akaniletea skana yenye uzito wa mtoto wa miaka miwili, na CD ya draiva yake, ile programu ya kuitambulisha kwa kompyuta, imeandikwa: Windows 98, Me, 2000, XP. Orodha inaishia hapo. Nilipoichomeka, Windows 7 ikaitazama kama wakwe wanavyomtazama mchumba asiye na kazi. Nikajisemea, hili dogo. Nitaweka XP pembeni, mifumo miwili kwenye mashine moja, ukiiwasha inakuuliza unataka upi. Nilishamwona mtu akifanya hivyo. Nilimwona tu, sikumwuliza kitu.

Wajuzi hapo mshaanza kutabasamu. Kanuni yake ni mkubwa kwanza. XP ni ya 2001, Windows 7 ni ya 2009. Kwa hiyo XP hutangulia, huketi, halafu mdogo huingia, humsalimu mkubwa na kumwekea jina kwenye orodha ya kuwashia. Mimi nilimleta mzee kwenye nyumba ambayo kijana keshahamia. Mzee wa 2001 atamjuaje kijana wa 2009? Akifika anang'oa kufuli la mlango wa mbele, anafunga lake. Kijana anabaki chumbani, mzima kabisa, na vitu vyake vyote, ila hakuna tena njia ya kumwita.

Nilianza saa mbili asubuhi. Nikaimega diski, giga 30 nikampa mzee. CD ikaanza vizuri, maandishi meupe kwenye bluu, halafu ikaja bluu nyingine, ile isiyo ya heri: STOP 0x0000007B. Maana yake XP haioni diski, kwa sababu CD yake ilitengenezwa kabla ya mambo haya ya AHCI, namna mpya ya kompyuta kuongea na diski. Dawa ni kuingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya ndani ya mashine, na kuitoa SATA, njia ya diski, kwenye AHCI uipeleke kwenye IDE, namna ya zamani. Nikaipeleka. Nikajiona daktari. Likumbukeni hilo, maana mimi nilikuwa nimeshalisahau kabla chai haijapoa.

Saa nne akaingia Mama wa harusi. Kadi za mwaliko 300 za binti yake, faili nimeliandaa mwenyewe wiki iliyopita, yeye kaja kuhakikisha maneno nichape aondoke nazo. Kaja na dada yake, na baba mmoja wa upande wa bwana harusi, mwenye kofia, ambaye hakuna aliyemwalika ila alitaka kuona pesa zinapita wapi. Kwenye skrini XP inasema zimebaki dakika 39. Waliowahi kuiweka XP wanazijua dakika zile 39, zinaweza kukaa kwenye 34 mpaka ukapata mtoto wa pili. Nikamwambia Mama, "Dakika makumi mbili tu."

Sasa twende polepole, kwa sababu hata kichwani mwangu hapa panakwenda polepole.

Kompyuta inajizima, inajiwasha. Nimeigeuza skrini iwatazame wageni. Ndiyo, niliigeuza mwenyewe, hakuna aliyeniomba. Nimesimama kando na mkono nimeunyoosha kama mtu anayezindua sanamu, nawaeleza: "Hapa sasa mutaona, itatuuliza. Munataka mupya ao ya zamani?" Skrini nyeusi. Vile vijisanduku vitatu vya bluu vinapita. Vinapita. Vinapita. Haijauliza. Mkono wangu bado uko hewani. Nasema moyoni, labda itauliza baadaye. Dada wa Mama anauangalia mkono, haangalii skrini.

Kikatokea kilima.

Kijani kibichi, mbingu ya bluu, viwingu vyeupe: ile picha XP inayofungukia. Na kwa sababu draiva ya skrini haipo, kila kitu kimevimba: pipa la taka pale chini lina ukubwa wa sufuria la matanga. Hakuna orodha. Hakuna swali. Hakuna faili. Feni ya kompyuta peke yake ndiyo inaongea.

Baba wa kofia akasogea, akainama. "Hii ni fasi gani? Kundelungu?"

"Hapana, baba. Ni Marekani, California. Ni picha ya kweli, walipiga mwaka 1996."

Mwaka nilimpa wa nini? Mfa maji haachi kutapatapa, wengine hutapatapa kwa mikono, mimi nilitapatapa kwa tarehe.

"Marekani," akarudia, akimgeukia Mama. "Kumbe kadi zetu zilisafiri."

Mama hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa pembe ya kitenge, akaivaa. Akakikagua kile kilima kuanzia kushoto, akapanda juu, akateremka upande wa pili hadi chini kabisa, kama mtu anayetafuta mbuzi wake. Akavua miwani tena.

"Injenia, bila miwani naona muzuri zaidi. Lakini harusi ya mutoto siioni."

Nikakimbilia kipande cha pili cha diski. Faili lipo! Nilishawaambia kijana alikuwa mzima ndani. Lakini XP niliyoipanda muda huohuo haina Word, kwa hiyo mwaliko wa harusi ulikuwa kikaratasi cheupe kisicho na sura. Nikabofya mara mbili. Mashine ikaniuliza nataka kulifungua kwa programu gani. Nikaghairi, nikabofya tena, ikaniuliza tena.

"Weye njo unaiuliza," Mama akasema, "ao yeye njo anakuuliza?"

Ni hapo fundi simu alivuka barabara na kigoda chake. Mtu akija na kigoda jua hakuja kusaidia.

Nikatoa DVD ya Windows 7 ili nirudishe kufuli la zamani. DVD ni ya Kiingereza, na ule ukurasa wa kuchagua kibodi niliupita kama ninavyoupita mkataba. Kibodi yangu ni AZERTY, herufi zimepangwa Kifaransa, kama nyingi za hapa kwetu; DVD ikaamini ni QWERTY ya Wamarekani. Mimi sijui hayo. Nimekaa wima, macho kwa wageni, vidole vinakwenda vyenyewe kwenye amri ya kurudisha kufuli: bootrec /fixmbr. Enta, kwa kishindo. Mashine ikanyamaza. Nikajua imekubali, si mnasema kimya ni jibu? Nikaizima, nikaiwasha.

Kilima.

"Tumerudia Marekani," akasema baba wa kofia.

Mara ya pili, kishindo kilekile, kilima kilekile. Mara ya tatu fundi simu, bila kuinuka kwenye kigoda, akasema: "Yaya, lakini soma kwanza kile umeandika."

Nilikuwa nimeandika bootrec >fix;br. Mara tatu. Kila M yangu ilitoka nukta-mkato, na mkwaju wangu ulitoka ile alama ya kubwa kuliko, ambayo kazi yake ni kuiambia mashine majibu yake iyafiche kwenye faili badala ya kuyaonyesha. Ndiyo ule ukimya niliojivunia. Ili nipate M ilibidi nibonyeze mkato, na ili nipate mkwaju nibonyeze alama ya mshangao. Alama za mshangao nilikuwa nazo nyingi sana saa ile.

Safari hii ikakubali amri zote mbili, /fixmbr na mwenzake /fixboot. Nikawaangalia wageni mmoja mmoja. Ikajiwasha, nembo ya Windows 7 ikaanza kujikusanya, dada wa Mama akapiga kofi moja, na kabla ya kofi la pili ikaja bluu: STOP 0x0000007B. Ileile ya asubuhi! Nikamwambia Mama ni virusi. Wadau, ninyi mnaojua, hebu nisameheni, nilisema "virusi" kwa sauti na nikanyoosha kidole kwenye kompyuta ya jirani.

Halafu umeme ukakatika.

Nilishukuru. Ni mara yangu ya kwanza maishani. Tukakaa gizani karibu dakika arobaini, baba wa kofia akitusimulia harusi zilizowahi kuahirishwa. Umeme uliporudi mashine ikapiga mlio, ikaomba F1, nikabonyeza kwa mkono wa mtu anayesaini talaka. Windows 7 ikafunguka. Yote. Faili, Word, picha ya wanangu.

Nilisema nini? Nilisema, "Nilijua itakubali." Mama akasema, "Asante Yesu." Fundi simu hakusema kitu. Alikuja akainama kwenye boksi la kompyuta, akapulizia vumbi, akaigonga kwa ukucha ile betri ya CR2032 iliyo kama kifungo cha koti. Imekufa zamani. Umeme ukikatika, BIOS inasahau kila ilichoambiwa na kurudi ilivyotoka kiwandani, na hii yangu ilitoka kiwandani ikiwa kwenye AHCI. Lile jambo nililowaomba mlikumbuke! Windows 7 ilikuwa inadai AHCI yake tu, aliyeiacha kwenye IDE ni mimi, na aliyeirudisha ni giza.

Odio inaishia hapo, na tangu jana kila anayepita mlangoni ananiambia, "Injenia, simu yangu imekwama, tukate umeme?"

Sasa kuna kipande jirani yangu hakijui kwa sababu alishaondoka na kigoda chake. Ile betri haishiki mambo ya SATA peke yake. Inashika na saa. Kompyuta yangu iliamka ikiamini leo ni tarehe 1 Januari 2010. Nami, katika ufundi wangu, kwenye pembe ya kadi niliweka "Lubumbashi, tarehe", na tarehe yenyewe nikaiacha Word ijijazie, ili Mama aone kazi ya kisasa. Nilichapa zote 300. Karatasi ngumu, ya krimu, ya kwangu.

Baba wa kofia ndiye aliyeisoma ya kwanza, kwa kidole, neno kwa neno. Alipofika pembeni kidole kikasimama. Akaanza kuhesabu kwa vidole vya mkono wa pili.

"Mwaka 2010 huyu mutoto alikuwa darasa la ngapi?"

"La pili primeri," dada wa Mama akajibu, bila kufikiri.

Mama alivua miwani.

Nilichapa nyingine usiku, kwa hasara yangu, tarehe nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Betri nimenunua kwa muuza saa sokoni. XP bado imo humo ndani, haiwaki kwa sababu nimekataa kuigusa BIOS tena. Mjomba kapiga simu kuuliza kama skana inafanya kazi. Inafanya. Nimeiweka juu ya zile kadi 300 zisipeperuke.