Mtoto Akiruhusiwa Kwenda Nyumbani, Wafundishwe Wawili

Hospitali zetu za Nairobi zinapomruhusu kwenda nyumbani mtoto anayelishwa kwa mrija, au anayelala na mashine ya oksijeni, humkabidhi mama kazi ambayo wodini hufanywa kwa zamu na watu walioisomea, kisha humtarajia aifanye peke yake usiku na mchana. Ninaandika nikiwa baba wa mtoto wa aina hiyo, na ombi langu ni moja: asiruhusiwe kuondoka kabla watu wawili watakaoishi naye au karibu naye hawajafundishwa kumhudumia, na muuguzi akaridhika kwamba wanaweza.

Binti yetu ana mtindio wa ubongo, na kwa kuwa koo lake halimezi kwa usalama, maziwa humfikia tumboni kwa mrija uliopitishwa puani. Anayetazama kwa mara ya kwanza hudhani kazi ni kumimina tu. Kabla ya kila mlo huangaliwa kwanza alama ya wino iliyo kwenye mrija karibu na tundu la pua, isiwe imesogea. Kisha bomba la sindano huunganishwa na kuvutwa taratibu hadi majimaji kidogo ya tumboni yapande, na tone lake hudondoshwa kwenye karatasi ya kupima asidi. Rangi ikionyesha kipimo cha asidi (pH) cha 5.5 au chini yake, dalili kwamba majimaji ni ya tumboni, mlo unaweza kuanza. Ikizidi hapo, hulishi, kwa sababu huenda ncha ya mrija imehamia kwenye njia ya hewa, na maziwa yakiingia mapafuni yanaweza kumuua mtoto. Kichwa na kifua vikishainuliwa, maziwa huachwa yateremke yenyewe pasipo kusukumwa, na mwishoni mrija husafishwa kwa maji. Kikohozi cha ghafla, au midomo ikibadilika rangi, unasimamisha papo hapo. Hayo yote hurudiwa kila baada ya saa chache, hata saa nane za usiku, na mara nyingi vyombo vya mlo mmoja havijakauka kabla ya mwingine kubisha hodi.

Sasa mtazame mama aliyeachiwa kazi hiyo peke yake. Kumtembelea, wanamtembelea: shangazi, shemeji, akina mama wa kanisani, nao hawaji mikono mitupu. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini saa ya mlo ikifika wote husogea nyuma na kumtazama yeye, na ukimwomba mmoja wao ajaribu, atakuambia kwa dhati kabisa kwamba anaogopa kumdhuru mtoto. Siwalaumu hata kidogo. Hakuna aliyewahi kuwaonyesha, na woga wa mtu asiyefundishwa ni woga wa haki. Ndiyo maana siamini kwamba familia kama zetu zinakosa upendo wa jamaa; zinachokosa ni jozi ya pili ya mikono inayojua kazi.

Mazoea ya wodini yana mchango wake katika jambo hili. Mama ndiye anayelala na mtoto, basi mama ndiye anayefundishwa, tena asubuhi, wakati baba yuko kazini. Baba hufika saa ya kutazama wagonjwa, akakuta somo limekwisha, na shughuli pekee inayomsubiri ni dirisha la malipo. Mimi nilijifunza kwa sababu niliomba, na muuguzi mmoja wa zamu ya usiku akakubali kunikalisha kando ya kitanda na kunirudisha mwanzo kila nilipokosea, hadi mikono ikaacha kutetemeka. Kwa sababu yake mke wangu anapata usiku wa kulala hadi kupambazuke. Usingizi huo haupaswi kuhesabiwa kuwa anasa, kwa maana mlezi aliyekesha mfululizo ndiye anayeweza kuipita alama ya wino bila kuiona.

Najua nitajibiwa kwamba wodi zimejaa na wauguzi ni wachache. Ni kweli, na ninawaheshimu kwa kazi wanayoifanya katika hali hiyo. Hata hivyo, kufundisha wawili katika kikao kimoja hakuhitaji muuguzi wa ziada. Kunahitaji kikao hicho kifanyike jioni au Jumamosi, na mlango ufunguliwe kwa baba, kwa nyanya, au kwa jirani wa ploti ambaye mama asiye na mume amemchagua mwenyewe huko Kayole au Kawangware. Mwaka 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 kote nchini, wanaopita nyumba kwa nyumba. Sioni sababu ya mhudumu wa mtaa kutojulishwa kwamba mtoto wa namna hii amerudi nyumbani.

Kwa watoto wa oksijeni hoja hii ni nzito zaidi. Umeme ulipopotea karibu nchi nzima tarehe 25 Agosti 2023, nyumba yenye mashine ya oksijeni ilihitaji mtu wa kubaki na mtoto akimtazama pumzi na rangi ya kucha, na mwingine wa kwenda kutafuta mtungi. Mtu mmoja hawezi kuwa mahali pawili.

Sheria nayo imetusahau. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi, baba wiki mbili, na kila mfanyakazi siku 21 za likizo ya mwaka. Ya ugonjwa ni siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara, lakini mgonjwa ni lazima awe mfanyakazi mwenyewe. Mwaka 2021 Bunge liliongeza likizo ya mwezi mmoja kwa anayeasili mtoto, jambo jema kabisa. Anayeuguza mtoto wake hana kifungu chochote, kwa hiyo siku za kliniki humeza likizo ya mwaka, na zikiisha, mmoja huacha kazi. Kwetu aliacha mke wangu. Ningependa wabunge waongeze likizo ya kuuguza mtoto, hata ikianza na siku chache, na ipatikane kwa wazazi wote wawili, kwa sababu baba asiyeweza kuondoka kazini hawezi pia kuja kufundishwa.

Marekebisho ya sheria huchukua muda. Kwa hiyo, kwa mzazi aliye wodini wiki hii akisubiri karatasi ya kuruhusiwa: mwombe muuguzi aandike humo jina la mtu wa pili aliyefundishwa, na kama hakuna, omba tarehe ya kumleta kabla hujatia sahihi.