Samaki Aliyeitwa Utata

Miongoni mwa majina ya kisayansi ya viumbe waliotoweka, lipo moja ambalo kila nikilisoma hunichekesha kidogo, kwa sababu aliyelitoa alikiri ndani yake kwamba mifupa aliyowekewa mezani ilikuwa imemchosha. Jina hilo ni Leedsichthys problematicus. Neno la kwanza maana yake ni samaki wa Leeds, na la pili, kwa Kiswahili cha kawaida, ni mwenye utata. Alilitoa Arthur Smith Woodward wa jumba la makumbusho la London mwaka 1889, na huyo Leeds aliyetunukiwa samaki hakuwa profesa wala mwajiriwa wa jumba lolote la makumbusho. Alikuwa mkulima.

Tuna neno zuri la watu wa aina yake, ingawa tumeliachia viwanja vya michezo peke yake: ridhaa. Tunasema ndondi za ridhaa, na kila mtu anaelewa kwamba bondia huyo hapigani kwa mshahara. Naona neno hilo linawafaa pia watu wanaotafuta visukuku baada ya kazi zao za kutwa. Habari zao zinapotangazwa, husimuliwa kama habari za bahati: fulani alikuwa akitembea ufukweni, akajikwaa, akainua jiwe, kumbe ni samaki wa mamilioni ya miaka. Simulizi za namna hiyo zinanikera, kwa kuwa zinaficha kazi yenyewe. Kujikwaa hujikwaa wengi. Wanaochukua kitu wasichokijua jina, wakaandika kilikotoka, wakakihifadhi kwa miaka huku wakiuliza huku na huko bila kuona haya, ni wachache, na kwa maoni yangu hapo ndipo ilipo thamani ya mtu wa ridhaa.

Alfred Nicholson Leeds alizaliwa mwaka 1847, akafariki mwaka 1917, na aliishi Eyebury, shambani karibu na mji wa Peterborough, mashariki mwa Uingereza. Eneo hilo lilikuwa na machimbo mengi ya udongo wa matofali. Udongo wake, ambao wanajiolojia huuita udongo wa Oxford, ulitulia chini ya bahari katika zama za Jura, miaka milioni 160 na zaidi iliyopita, na umejaa masalia ya viumbe wadogo wa baharini kiasi kwamba tofali likiingizwa tanurini huanza kuungua kwa mafuta yake lenyewe, na makaa yanayohitajika yanapungua sana. Matofali yake yakawa rahisi kutengeneza, machimbo yakaongezeka, na kila yalipoongezeka, vibarua wenye sururu na koleo walizidi kukutana na mifupa. Leeds alizoeana nao. Walipoona kitu walimpelekea habari, naye aliwalipa, kisha akaja kukitoa ardhini na kukisafisha nyumbani kwake kipande baada ya kipande. Zaidi ya yote alijitahidi kuiweka pamoja mifupa ya mnyama mmoja badala ya kuichanganya kwenye sanduku moja na mifupa ya wengine, jambo ambalo leo linaonekana dogo, lakini bila hilo mkusanyo wake ungekuwa rundo la mifupa tu.

Miongoni mwa alivyovikusanya kulikuwa na vipande vya mifupa mipana, myembamba, iliyovunjikavunjika, isiyofanana na ya mnyama yeyote aliyejulikana machimboni humo. Mwaka 1887 John Whitaker Hulke aliichapishia maelezo akisema kwamba ni mabamba ya ngozi ya dinosaria wa jamii ya stegosauri, wale wenye vibao vilivyosimama mgongoni. Hulke alikuwa mtu mzito katika jiolojia na aliwahi kuwa rais wa chama cha wanajiolojia cha London, ila kazi iliyomlisha ilikuwa upasuaji hospitalini. Nalitaja hili makusudi, maana wanaopenda kugawa watu mafungu mawili, wataalamu huku na wababaishaji kule, wangepata tabu kumpangia Hulke fungu lake. Naye alikosea, na hakuwa na sababu ya kuona aibu, kwa kuwa mifupa hiyo ilifanana kweli na mabamba.

Mwezi Agosti mwaka 1888 akafika Eyebury mgeni kutoka Marekani, Othniel Charles Marsh, ambaye miaka kumi na moja kabla ya hapo ndiye aliyempa Stegosaurus jina lake. Waswahili tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na sijaona mahali pengine methali hii ilipotimia kwa ukamilifu namna hii. Ikiwa kulikuwa na mtu duniani mwenye haki ya kuyadai mabamba hayo kuwa ya dinosaria wake, ni Marsh. Lakini alipoitazama mifupa hiyo alisema ni ya samaki, samaki mkubwa ajabu. Woodward, ambaye samaki wa kale ndio waliokuwa fani yake, akaichunguza upya, na mwaka uliofuata samaki akapata jina, pamoja na ule utata wake.

Utata huo una sababu za kimwili. Sehemu kubwa ya kiunzi cha samaki huyu haikuwa mfupa kamili. Ilibaki laini kama gegedu, ikaoza, na pingili za uti wa mgongo, ambazo ndizo mtafutaji wa visukuku hutegemea kuzikuta kwanza, hazikubaki kabisa. Kilichosalia ni mifupa ya kichwa iliyosambaratika, miale ya mapezi, na vijimfupa vingi vya kuchujia vilivyokaa kwenye matamvua. Hebu fikiria umepewa vipande vya ngalawa iliyovunjika, bila mkuku, bila mlingoti, vibao na vijiti tu, kisha unaambiwa utaje urefu wake.

Na urefu wake umewayumbisha wataalamu kwa zaidi ya karne moja. Leeds mwenyewe alipata mkia wa mmoja wao mwaka 1898, wenye kimo cha mita 2.74 kutoka ncha moja hadi nyingine, ambao uko katika jumba la makumbusho la London hadi leo. Woodward alikadiria samaki mzima kuwa na mita 9 hivi. Miaka ya 1980 likatolewa kadirio la zaidi ya mita 27, likapokewa kwa shangwe, kwa kuwa watu hupenda kitu kikubwa kuliko kitu cha kweli, na likazagaa kwenye vitabu vya watoto. Baadaye Jeff Liston na wenzake waliihesabu mistari ya ukuaji ndani ya mifupa, kama watu wanavyohesabu pete za shina la mti, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013 wakaeleza kwamba samaki huyu angefikia mita 8 au 9 akiwa na umri wa miaka 20, na mita 16.5 hivi akiwa na miaka 38. Hata kwa hesabu hiyo ya unyenyekevu, hakuna samaki mwenye mfupa aliye hai leo anayemkaribia.

Msomaji wa pwani yetu hahitaji kwenda mbali ili kupata picha ya maisha yake. Papa potwe, yule wa madoa meupe anayeonekana katika maji ya Mafia kati ya Oktoba na Machi, hufanya kazi ileile: hufungua kinywa, hupitisha bahari, huyachuja maji na kubaki na viumbe wadogo waeleao. Papa potwe ni wa ukoo wa papa, na samaki wa Leeds alikuwa wa ukoo mwingine kabisa, lakini wote wawili ni majitu yanayoishi kwa kula vidogo. Kumbe bahari iliyomlisha samaki huyu ndiyo iliyoacha ndani ya udongo yale mafuta yaliyopunguza gharama za tanuri, na tanuri ndizo zilizoleta machimbo, na machimbo ndiyo yaliyomfunua samaki. Sijui kama Leeds alipata kulitafakari hilo, ila mimi limenifurahisha kwa siku kadhaa.

Mwaka 2001 hadithi ilijirudia kwa namna yake. Wanafunzi wa chuo kikuu cha Portsmouth waliokuwa wakitembelea machimbo ya matofali huko Whittlesey, jirani na Peterborough, waliona mifupa imetokeza kwenye ukuta wa udongo. Ilipochimbwa katika miaka iliyofuata, ikaonekana ni samaki yuleyule, na mabaki yake yalikuwa mengi kuliko ya mwingine yeyote aliyepatikana kabla. Wanafunzi wako katikati, bado si mabingwa na tena si watu wa barabarani, lakini nao walifanya lililo sahihi: waliita wengine kabla ya kung'oa chochote.

Hapa sina budi kuwarudia vibarua. Usione vyaelea, vimeundwa. Mkusanyo wa Leeds uliandikiwa katalogi kubwa ya majuzuu mawili, mwaka 1910 na 1913, juu ya wanyama watambaao wa baharini peke yao, na jina lake limesimama hata ndani ya jina la samaki. Lakini walioona mifupa kwanza, wakasimamisha koleo kwa dakika moja na kutuma habari Eyebury, hawatajwi kokote ninakokujua. Mashine za kuchimbia zilipochukua nafasi ya mikono yao, mifupa ikawa inasagwa kabla ya jicho la mtu kuifikia. Jicho hilo, lenye njaa na haraka ya ujira wa siku, lilikuwa sehemu ya utafiti, na sioni kwa nini tusiliseme waziwazi.

Nalisema kwa uchungu kidogo kwa kuwa na sisi tunalijua. Tendaguru, mkoani Lindi, ambako Wajerumani walichimba dinosaria kuanzia mwaka 1909 hadi 1913, mamia ya watu wa huko walifukua mifupa na kuibeba vichwani hadi bandarini, na kati yao jina linalokumbukwa vizuri ni la msimamizi Boheti bin Amrani. Na tukirudi kwa samaki, pwani ya Tanga wavuvi wa jarife ndio waliomtoa kilindini silikanti, samaki ambaye wataalamu walikuwa wakimjua kwa visukuku tu hadi mwaka 1938 alipopatikana akiwa hai huko Afrika Kusini. Serikali ya Tanzania ilianzisha hifadhi ya bahari kwa ajili yake mwaka 2009. Bara nako tunavyo visukuku vya samaki vyenye sifa: Mahenge, ile ya Singida na si ile ya Ulanga, imetoa samaki wa jamii ya perege na sato wenye umri wa miaka milioni 46 hivi, nao ni miongoni mwa wakongwe kabisa wa jamii hiyo wanaojulikana duniani. Wamepewa jina la Mahengechromis.

Sheria zetu zinakataza kuchimba mambo ya kale bila kibali, nami naziunga mkono kwa mikono miwili. Mtu anayechokoa mwamba ili auze kisukuku kwa mtalii anaharibu zaidi ya anachookoa. Lakini kati ya kuchimba na kunyamaza kuna uwanja mpana ambao hatujaulima. Mchimba mawe ya kokoto, mchunga mbuzi, kibarua wa kisima, mwalimu wa shule ya kata: hawa wote hupita juu ya miamba kila siku, na hakuna aliyewaambia kwamba kuchora kitu, kupima urefu wake kwa shubiri, kuandika jina la korongo na kutoa taarifa si kuvunja sheria, bali ni kazi inayostahili shukrani. Kasoro nyingine iko madarasani. Tunawafundisha watoto majina yaliyokwisha kutolewa, wayakariri, wayaandike kwenye mtihani, na mtoto anayeleta kitu kisicho na jina tunamwona msumbufu. Woodward angeweza kufanya vivyo hivyo. Aliandika problematicus na kuendelea kuchunguza.

Mimi mwenyewe sina usafi katika jambo hili. Niliwahi kufundisha shule moja ya pwani ya kusini, na mwanafunzi wa kidato cha pili akaniletea jiwe la kijivu lenye umbo lililojikunja kama konokono, akaniuliza, "Mwalimu, hiki ni nini?" Nilikuwa na madaftari arobaini ya kusahihisha. Nilimwambia ni jiwe. Sikumuuliza ameliokota wapi. Alinishukuru kwa heshima, kama wanafunzi wanavyomshukuru mwalimu asiyewasaidia, akaliacha dirishani, na kwa muhula mzima tukalitumia kuzuia mlango wa darasa usipigwe na upepo wa kusi. Nilipohama lilikuwa bado liko pale.