Kabla ya Kuomba Kutangazwa Muflisi, Andika Kila Deni

Mwaka 2023, bei ya alizeti ilipoporomoka Singida na Dodoma na wanunuzi wengi wakabaki na mzigo ghalani, mdogo wangu alifika nyumbani kwangu Nkuhungu jioni moja akiwa amebeba mfuko wa salfeti uliojaa karatasi. Kwa miaka kadhaa alikuwa akizunguka vijiji vya Kongwa kununua alizeti na mahindi, kisha akiuza katika soko la Kibaigwa, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo mambo yalimwendea vizuri. Aliuweka mfuko ule mezani, akasema, “Dada, nimefika mwisho. Nimesikia mtu anaweza kwenda mahakamani akatangazwa muflisi, madeni yakaisha. Nataka niende.” Nilimwuliza anadaiwa kiasi gani, akajibu kwamba ni kama milioni thelathini. Tulikaa na zile karatasi siku tatu, na jumla tuliyoipata ilikuwa shilingi 47,350,000.

Ninaandika makala haya kwa sababu ya tofauti ile ya milioni kumi na saba. Nimekuwa mhasibu wa chama cha akiba na mikopo kwa miaka kumi na tisa, na katika muda huo nimekutana na watu wengi walioelemewa na madeni, lakini ni wachache mno walioweza kutaja deni lao lote bila kukosea. Maoni yangu, ambayo nayashikilia kwa uzito, ni kwamba maandalizi ya kuomba ufilisi huanzia kwenye kuuandika ukweli wote wa fedha zako mahali pamoja, ungali na hiari ya kufanya hivyo, kabla hujaulizwa chini ya kiapo. Wakili, nauli na nyaraka huja baadaye.

Mimi si mwanasheria, kwa hiyo nitaeleza tu yale ambayo kila mtu anapaswa kuyafahamu. Tanzania inayo Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, tuliyoirithi kutoka zama za utawala wa Mwingereza, na sheria hiyo inamhusu mtu binafsi, kwa kuwa kampuni hufilisiwa chini ya Sheria ya Makampuni. Ombi hupelekwa Mahakama Kuu, na anaweza kulipeleka mdai au mdaiwa mwenyewe anayekiri kwamba hawezi kulipa. Mahakama ikitoa amri, mali ya mdaiwa huwekwa chini ya usimamizi wa Serikali, kazi ambayo kwa Tanzania Bara ipo kwa RITA, wakala ule ule ambao wengi wetu tunaujua kwa vyeti vya kuzaliwa. Kuanzia hapo wadai wasio na dhamana hawaruhusiwi tena kumfuata mdaiwa mmoja mmoja bila idhini ya mahakama, mali inayopatikana hukusanywa na kugawanywa kwa utaratibu wa sheria, na mdaiwa hutakiwa kutoa maelezo kamili ya mali na madeni yake, kisha kuhojiwa hadharani juu ya maelezo hayo. Kuondolewa katika hali ya ufilisi ni jambo la baadaye, na mahakama ndiyo huamua. Kwa hiyo mtu anayedhani kwamba atapeleka ombi leo na kesho madeni yatakuwa yamefutika anajidanganya, na mdogo wangu alikuwa mmoja wao.

Tulinunua kaunta buku pale Majengo, tukaanza. Ukurasa wa kwanza tuliandika benki, shilingi 21,400,000, dhamana ikiwa nyumba yake. Wa pili tukaandika SACCOS ya wafanyabiashara wenzake, shilingi 6,800,000, wadhamini watatu. Hapo alinyamaza, na nikaelewa kwamba ile milioni thelathini yake ilitoka kwenye kurasa hizi mbili: alikuwa amehesabu madeni yenye mihuri tu. Yaliyobaki ilibidi tuyatafute kwenye ujumbe wa simu, kwenye vipande vya karatasi, na mengine kwenye kumbukumbu yake. Wakulima na wafanyabiashara waliompa mzigo kwa mali kauli, yaani kwa ahadi ya kulipa baadaye, walikuwa wakimdai 9,250,000. Wakopeshaji wawili wa mtaani, hawa tunaowaita kausha damu, walidai 5,600,000. VICOBA ilikuwa 1,900,000, ndugu na marafiki 2,000,000, na mikopo midogo midogo ya kwenye simu, ambayo kila mmoja ulionekana kuwa si kitu, ilifika 400,000.

Ninamsihi kila anayepitia hali hii asiiruke hatua hiyo ya mikopo ya simu na ya mtaani, kwa sababu huko ndiko pesa inakovuja. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mkopeshaji binafsi lazima awe na leseni, na Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa watoa huduma wa daraja la pili, yaani wakopeshaji wasiopokea amana za wateja. Kwa mkopo wa shilingi 2,000,000, riba ya mwezi mmoja kwa kiwango hicho ni shilingi 70,000. Mmoja wa wale wawili alikuwa akimtoza mdogo wangu asilimia 30, yaani shilingi 600,000 kwa mwezi kwa kiasi hicho hicho, na hakuwa na leseni yoyote ya kuonyesha. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya kidijitali zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Mtu aliyeandika kila deni pamoja na riba yake huweza kuona ni lipi halali, lipi la kubishania, na lipi la kupeleka malalamiko. Mtu ambaye hajaandika humlipa kwanza anayepiga kelele zaidi, na anayepiga kelele zaidi kwa kawaida ndiye mwenye haki kidogo kuliko wote.

Upande wa pili wa daftari tuliandika alichokuwa nacho: nyumba, kiwanja Nzuguni, Fuso moja kuukuu, magunia yaliyobaki ghalani, na fedha alizokuwa akiwadai wengine, ambazo zilikuwa shilingi 6,100,000. Hizi za mwisho alikuwa amezisahau kabisa. Mtu akizidiwa na wanaomdai huacha kuwakumbuka anaowadai, ilhali hizo nazo ni mali, na mahakama itaziuliza.

Usiku wa siku ya pili alinitamkia jambo ambalo nilikuwa nikilitarajia. “Dada, kile kiwanja cha Nzuguni tuandike jina la mama. Mama yuko Mvumi, nani atamwuliza?” Nilimkatalia, na tulikosana kwa saa kadhaa. Ninajua kwamba kwetu jambo hili halionekani kuwa wizi. Huonekana kuwa ni kuokoa cha familia, na wapo watu wazima wenye busara wanaolishauri. Lakini sheria ya ufilisi inaipa mahakama uwezo wa kutengua uhamisho wa mali uliofanywa ili kuwakwepa wadai, na hata zawadi ya mali iliyotolewa kabla ya ufilisi inaweza kufuatiliwa. Kuficha mali ni kosa la jinai. Mtu aliyekuwa mdaiwa tu, jambo ambalo si kosa, hujigeuza mhalifu kwa sababu ya kiwanja kimoja, na mama mzee huitwa kutoka kijijini kuja kueleza alinunua kiwanja kwa fedha gani. Nilimwambia kwamba niko tayari kumsaidia kupoteza kiwanja, ila siko tayari kumsaidia kumpeleka mama mahakamani.

Jambo lililo karibu na hilo ni kumlipa mdai mmoja kwa upendeleo. Alitaka kuuza Fuso, awamalizie ndugu na marafiki zile milioni mbili, kisha ndipo aende mahakamani. Nia ni njema, na namheshimu kwa kuona aibu mbele ya watu waliomwamini bila karatasi. Hata hivyo, malipo ya namna hiyo yaliyofanywa muda mfupi kabla ya ufilisi yanaweza kutenguliwa, na ndugu akatakiwa kurudisha alichopokea. Kama kitu ni lazima kiuzwe, kiuzwe kwa bei ya soko, kwa risiti, na fedha yake ionekane ilikokwenda.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniumiza kuliko yote, nalo ni wadhamini. Mdaiwa akitangazwa muflisi, na hata akija kuondolewa katika hali hiyo, mdhamini wake haondolewi. Deni humfuata yeye. Katika ukurasa wa SACCOS kulikuwa na majina ya watu watatu: mwenye duka la pembejeo, mwalimu wa shule ya msingi, na mjane anayeuza mchele. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akijua kwamba mdogo wangu alikuwa ameruka marejesho ya miezi minne. Katika kazi yangu nimemwona mtu akijua kwamba akiba yake imekatwa siku alipokuja kuitoa ili kulipa ada ya mtoto, na sitaisahau sura yake. Kwa hiyo nasema bila kusita: anayefikiria ufilisi ana wajibu wa kuwaendea wadhamini wake kwa miguu yake, mmoja mmoja, kabla ya kwenda kwa wakili, na kuwaonyesha daftari. Sheria haimlazimishi kufanya hivyo. Utu unamlazimisha. Mdogo wangu alikwenda. Mwalimu alimfokea mbele ya watoto wake, na alikuwa na haki ya kufanya hivyo. Yule mjane alimsikiliza mpaka mwisho, akamwuliza, “Baba, mbona hukuniambia mwezi wa kwanza?”

Mwenzi wa ndoa naye ajue mapema. Nyumba ya familia haiwezi kuwekwa rehani bila ridhaa ya mume au mke, na benki ikitaka kuuza nyumba iliyowekwa rehani ni lazima kwanza itoe notisi ya siku 60. Siku hizo 60 zina thamani kubwa zikitumiwa na watu wawili wanaojua hesabu moja. Wifi yangu aliikuta notisi chini ya godoro, ikiwa na siku kumi na moja zilizobaki. Ieleweke pia kwamba mdai mwenye dhamana husimama pembeni ya foleni ya wadai wengine: ufilisi haumzuii kuishika dhamana yake, kwa hiyo anayeomba ufilisi ili kuiokoa nyumba iliyowekwa rehani anategemea ulinzi ambao haupo.

Kwa watumishi wa umma, ambao mji wetu umejaa tangu Serikali ilipohamia hapa, nina neno fupi. Makato ya mshahara hayatakiwi kumwacha mtumishi na chini ya theluthi moja ya mshahara wa msingi, na kanuni hiyo imewekwa ili mtu aweze kula na kufika kazini. Anayemwachia mkopeshaji kadi ya benki na namba ya siri anaivunja kinga hiyo kwa mikono yake mwenyewe. Kama umefanya hivyo, nenda benki ukaifunge kadi, na jambo hilo liandikwe kwenye daftari kama mengine.

Wengi huogopa jela. Kudaiwa ni shauri la madai, wala polisi hawana kazi ya kukusanya madeni. Ni kweli kwamba mwenye hukumu mkononi anaweza kuiomba mahakama imfunge mdaiwa kama mfungwa wa madai, lakini mahakama hupaswa kwanza kuchunguza kama mtu huyo hana uwezo kweli au anacho na anakataa kulipa. Daftari linalosema kweli ni utetezi wake wa kwanza. Anayefunga biashara asisahau pia kuijulisha TRA, maana makadirio ya kodi huendelea kwa biashara ambayo haijaripotiwa kufungwa. Na kwa asiyeweza gharama za wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu wa watoa msaada waliosajiliwa. Aulize ofisi ya halmashauri yake.

Baada ya majuma matatu mdogo wangu aliwaita wadai wake wote, isipokuwa benki ambayo tuliifuata ofisini, akawapa kila mmoja nakala ya muhtasari ule ule. Fuso iliuzwa wote wakijua, na fedha yake pamoja na sehemu ya zile milioni sita tulizofanikiwa kukusanya ziligawanywa kwa uwiano wa madeni. Benki ilikubali kupanga upya marejesho. Mkopeshaji mmoja asiye na leseni alikataa na kutishia kwenda mahakamani. Mpaka leo hajaenda. Ombi la ufilisi liko tayari, limeandaliwa na wakili, na halijapelekwa. Likihitajika litapelekwa, na hakuna namba hata moja ndani yake itakayotofautiana na kaunta buku iliyoko kwenye kabati langu, ambayo kila Jumamosi jioni mdogo wangu huja kuongeza mstari mmoja au miwili.