Jaji Motley alipotakiwa ajitoe

Kila ninaposikia watu wakisema jaji fulani ajitoe kwenye kesi kwa sababu ya kabila lake au dini yake, namkumbuka Constance Baker Motley.

Mwaka 1975 alikuwa jaji wa mahakama ya shirikisho huko New York, ile inayoisikiliza kesi tangu mwanzo, na mashahidi wanasimama mbele yako. Aliletewa shauri la mwanasheria mwanamke aliyeishtaki kampuni ya mawakili ya Sullivan & Cromwell kwamba inabagua wanawake katika ajira. Kampuni ikamtaka Motley ajitoe: yeye ni mwanamke, na kabla ya ujaji alitetea watu weusi waliobaguliwa. Akakataa. Alisema kama jinsia, rangi au historia ya jaji inatosha kumwondoa, basi hakuna jaji yeyote wa mahakama ile angeweza kuisikiliza kesi hiyo, maana wote waliwahi kuwa mawakili na wote wana jinsia.

Nalipenda jibu hilo kwa sababu linawageuzia swali waliokuwa hawaulizwi kamwe. Jaji mwanamume mweupe aliyetoka kampuni kubwa alihesabiwa hana upande.

Na hiyo historia waliyoiona dosari ilikuwaje? Alizaliwa 1921 New Haven, mtoto wa wahamiaji kutoka kisiwa cha Nevis, baba yake mpishi. Ada ya chuo haikuwepo, mpaka tajiri mmoja mweupe aliposikia hotuba yake na kumlipia masomo. Motley akafanya kazi chini ya Thurgood Marshall, wakili aliyeongoza kesi za kupinga ubaguzi wa watu weusi (huyo huyo aliyekwenda London mwaka 1960 kuwasaidia wajumbe wa Kenya katika mazungumzo ya katiba). Alisimama Mahakama ya Juu mara kumi, akashinda tisa. Mwaka 1962 ni yeye aliyempigania James Meredith, mwanafunzi mweusi aliyekataliwa kwa rangi yake, hadi akaingia Chuo Kikuu cha Mississippi. Rais Johnson alipompendekeza kuwa jaji mwaka 1966, seneta wa Mississippi, James Eastland, alimkwamisha kwa miezi saba. Alipopita, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa jaji wa shirikisho Marekani.

Sisemi jaji asijitoe kamwe. Mwenye hisa kwenye kampuni inayoshtakiwa, au ndugu miongoni mwa wadaawa, aondoke bila kubembelezwa. Lakini alivyozaliwa mtu si maslahi. Na akikosea, rufaa ipo. Mwaka 1970 Motley aliamua kwamba mfungwa Martin Sostre alionewa kwa kufungiwa peke yake zaidi ya mwaka mzima. Mahakama ya rufaa ikapunguza sehemu ya hukumu hiyo. Ndivyo inavyotakiwa: hoja ipimwe kwa hoja. Hakuna aliyehitaji kuikagua ngozi yake.

Mwaka 1978 aliamuru waandishi wa kike wasizuiwe kuingia vyumba vya wachezaji wa besiboli katika uwanja wa timu ya Yankees. Mwaka 1982 akawa jaji mkuu wa mahakama hiyo. Alifariki 2005 akiwa bado jaji, na ule uamuzi wake wa kukataa kujitoa bado unanukuliwa mahakamani.