Behewa lina mkaguzi, meli ina mkaguzi. Mfunga minyororo je?

Pale bandari ya Mwanza Kusini kuna mahali ambapo reli haiishii nchi kavu. Kichwa cha treni kinasukuma mabehewa taratibu, yanavuka daraja la chuma, yanaingia kwenye sitaha ya MV Umoja, ambayo nayo imetandikwa reli. Yakishatulia, wanaume wanainama na minyororo na kulifunga kila behewa lisije likatembea ziwa likichafuka. Kisha meli inakwenda zake Port Bell, Uganda.

Sisi tuliokulia Mwanza tumeizoea hiyo meli. Ni ya miaka ya 1960, na ndugu yake, MV Uhuru, yuko Kisumu. Watu huipiga picha kwa sababu ni ajabu kuona treni ikipanda meli. Mimi macho yangu huishia kwa wale wa minyororo.

Hebu tufuatane. Behewa likiwa kwenye reli ya nchi kavu, usalama wake unadhibitiwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu. Magurudumu yakigusa sitaha, tumeingia kwa TASAC, mdhibiti wa usafiri wa majini. Bandari ni ya TPA, mamlaka ya bandari. Behewa ni la TRC, shirika la reli, meli ni ya kampuni ya meli ya serikali. Usalama na afya mahali pa kazi ni OSHA. Mtu akiumia, fidia ni WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Yote hayo ni ndani ya hatua chache ambazo kijana mmoja anazitembea huku ameshika mnyororo. Kila mmoja ana kipande chake cha kukagua: huyu anakagua reli, yule anakagua bodi ya meli, mwingine anakuja kuangalia kama kuna vizimamoto ukutani. Mtu anayepita kati ya kipande na kipande ni wa nani?

Kazi yenyewe si ya mchezo. Anayesukuma mabehewa yuko nyuma na hauoni mwisho wa mbele. Macho yake ni mtu aliyesimama chini, mwenye bendera, taa au redio. Mabehewa lazima yaingie kwa kupimia, upande huu kisha ule, maana ukirundika uzito kulia tu meli inalala na daraja linapinda. Na mipira ya breki kati ya behewa na behewa haijiungi yenyewe. Lazima mtu aingie katikati, ainame, aunge kwa mkono. Ishara ikikosewa wakati yumo humo, hakuna cha kusimulia.

Zamani hili jambo lilikuwa chini ya paa moja. Enzi za shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki, treni na meli za ziwani zilikuwa za bwana mmoja. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Shirika la Reli Tanzania likarithi na meli. Wengi wamesahau kwamba MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 na mamia ya watu karibu kabisa na Mwanza, ilikuwa mali ya shirika la reli. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa hata na orodha ya majina. Baada ya msiba ule meli zikatengwa na reli, zikaundiwa kampuni yake.

Kisha ikaja SUMATRA, kwa sheria ya mwaka 2001: nchi kavu na majini, mdhibiti mmoja. Sikuililia ilipovunjwa. Ilimezwa na nauli za daladala, ikabaki inajulikana kwa bei ya tiketi ya Ubungo kuliko kwa breki ya treni. Majini wakapewa TASAC mwaka 2018, ardhini wakapewa LATRA mwaka 2019. Kwenye karatasi ni mgawanyo safi. Ila angalia LATRA nayo inavyosikika leo kwenye redio: nauli, ratiba za mabasi, na kile kifaa cha kufuatilia mwendo wa basi. Reli inatajwa zaidi siku ya uzinduzi.

TASAC ilikuwa na lake. Sheria iliyoiunda mwaka 2017 iliipa kazi ya kudhibiti usafiri majini, papo hapo ikaipa haki ya pekee ya kufanya biashara ya uwakala na uondoshaji wa baadhi ya shehena, madini na wanyama hai zikiwemo. Yaani refa amevaa filimbi shingoni na jezi mgongoni. Wafanyabiashara walilalamika sana, na walikuwa na sababu. Lakini malalamiko yote niliyoyasikia yalihusu pesa. Sikumsikia mtu akiuliza: mdhibiti akiwa na shehena yake inayochelewa gatini, atakuwa na moyo wa kuizuia meli kwa sababu mabaharia hawajalala?

Na hapo kwenye kulala ndipo pana shimo kubwa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006 hapo mwaka 2019. Kenya ilitangulia mwaka 2014. Mkataba ule ni mzuri. Unamlinda baharia apumzike si chini ya saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika siku saba, na kumbukumbu za mapumziko zitunzwe ili mkaguzi azione. Tatizo ni kwamba hauhusu meli zinazotembea maji ya ndani pekee. Kwa hiyo baharia wa meli ya mizigo inayotoka Dar es Salaam kwenda ng'ambo analindwa, na mwenzake anayevusha mabehewa Ziwa Victoria, usiku, nchi hadi nchi, mkataba huo haumfikii. Ziwa lenye kilomita za mraba zaidi ya 68,000 linahesabiwa kama bwawa la nyuma ya nyumba.

Wasiojua ziwa watasema hakuna msongamano huko. Mei 2005, meli mbili za mabehewa za Uganda, MV Kabalega na MV Kaawa, ziligongana kwenye ziwa hilihili na Kabalega ikazama. Mmiliki mmoja, maji yote yale, na bado zikakutana.

Sasa nije kwenye kinachonikera hasa. Serikali zetu zinajua kuchunguza ajali pale wanapokufa abiria wengi kwa mpigo. Igandu, mkoani Dodoma, Juni 2002: treni ya abiria iliyopata hitilafu ya breki ilirudi nyuma kwenye mteremko, ikagongana na treni ya mizigo, wakafa watu 281. Meli ya Spice Islander ilipozama, Septemba 2011, ikaundwa tume. Meli ya Skagit nayo ilipozama, Julai 2012, waziri wa Zanzibar akajiuzulu. Kivuko cha MV Nyerere kilipozama Ziwa Victoria, Septemba 2018, bodi ya TEMESA, wakala wa serikali unaoendesha vivuko, ikavunjwa. Sisemi hayo ni madogo. Nasema wafanyakazi hawafi hivyo. Wanakufa mmojammoja. Wa gengi la kutengeneza njia ya reli anagongwa akibadilisha mataruma. Kuli anaangukiwa na mzigo. Baharia anateleza usiku. Mmoja hatoshi kuundiwa tume, hatoshi hata habari ya saa mbili usiku. Machi 2020 huko Tanga kiberenge, kile kigari kidogo cha relini, kiligongana na treni ya mizigo, watu wakafa wakiwa kazini. Tulisoma siku mbili, basi. Nani alikiruhusu kiberenge kuingia kwenye njia iliyokuwa na treni? Mawasiliano kati ya stesheni na stesheni yalikuwaje siku ile? Hayo ndiyo yangeokoa wa kesho, na hayo ndiyo hayafiki kwa wananchi.

Kwa MV Nyerere tuliambiwa na Rais Magufuli kwamba nahodha hakuwamo chomboni, kaacha usukani kwa mtu asiye na mafunzo. Nchi nzima ikamaliza mjadala hapo: mkosaji kapatikana. Mimi nilitaka kujua kivuko kile kilikuwa na manahodha wangapi, anayepumzika anapokewa na nani, na kama mkaguzi aliwahi kuuliza swali hilo kabla ya kusaini cheti.

Linganisha na Waingereza, ambao nao walijifunza kwa maiti. Tarehe 6 Machi 1987 kivuko cha Herald of Free Enterprise kilipinduka nje ya bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, wakafa watu 193. Kilitoka bandarini milango ya mbele ikiwa wazi. Aliyepaswa kuifunga alikuwa amelala chumbani kwake. Kwetu kesi ingeishia hapo: kamata aliyelala. Uchunguzi ukapanda ngazi. Ikaonekana manahodha walishaomba wawekewe taa ya kuwaonyesha kama milango imefungwa, na wakubwa wa kampuni wakawapuuza. Uzembe ulianzia juu ukashuka. Miaka miwili baadaye wakaunda chombo cha pekee cha kuchunguza ajali za majini, kisichotoa vyeti wala kukusanya tozo. Baadaye reli nayo ikapata cha kwake. Julai 2019 mafundi wawili wa njia waligongwa na treni huko Margam, Wales. Wawili tu. Mwaka uliofuata ripoti nzima ikawekwa hadharani: walikuwa wakifanya nini, nani alitakiwa kuwapa tahadhari, kwa nini hakukuwa na mtu, na kama kazi yenyewe ilikuwa na ulazima wa kufanywa treni zikiwa zinapita. Yeyote mwenye simu anaisoma bure.

Nawajua watakaosema hizo ni nchi tajiri. Haya, tubaki hapa nyumbani. Ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria pale Bukoba tarehe 6 Novemba 2022 na kuua watu 19, taarifa ya awali ya wachunguzi wetu wenyewe ilitoka ndani ya wiki chache. Wataalamu walikuwepo, karatasi zilikuwepo, uwezo ulikuwepo. Tofauti ni kwamba kwenye anga kuna kanuni za kimataifa zinazosubiri hiyo taarifa ndani ya siku 30. Kwenye reli hakuna anayeisubiri. Tunaweza kujisubirisha wenyewe, hatuhitaji mtu wa nje atushike shati.

Na mahali pa kuanzia hapahitaji hata sheria mpya. WCF inafanya kazi tangu Julai 2015. Kila mwajiri anachangia, na kila kifo kinacholipwa fidia kina jalada: alikuwa nani, alifia wapi, akifanya nini. Takwimu zimo humo. Toa majina, bakiza kazi, mahali na sababu, zichapishwe kila robo mwaka. Mdhibiti wa reli aone waliokufa wakiunga mabehewa, wa majini aone waliokufa kwenye kupakia. Jedwali la jumla la ajali za mwaka linasema ngapi. Halisemi kwa nini.

Lakini hata majalada hayo yana pengo, nalo ni kuli wa kutwa. Jirani yetu alivunjika mguu akipakia magunia kwenye boti ya mizigo mwaloni, pale boti zinapotia nanga ufukweni. Mwenye boti akampa hela ya bodaboda ya kumfikisha hospitali, akamwambia, "Ugua pole kaka, ukipona njoo." Ndiyo ilikuwa fidia. Hana mkataba, hana namba ya mfuko, kwa hesabu za serikali hakuumia. Mkaguzi alipita mwalo uleule akakagua maboya ya kujiokolea, na alifanya vizuri. Ila waliokuwa wanapanda ubao mwembamba na kilo 100 mabegani walikuwa mbele ya macho yake, na fomu yake haikuwa na mstari wao.

Mwaka 2023 tuligombana nchi nzima kuhusu bandari ya Dar es Salaam na DP World, kampuni ya Dubai ya kuendesha bandari. Mamlaka, miaka ya mkataba, mapato, ajira: kila mtu alikuwa mwanasheria. Usalama wa anayesimama chini ya winchi ulitajwa kwa nadra mno, na waliokuwa upande wangu wa mjadala hawakuwa bora kuliko wale wa upande wa pili.

Sasa reli ya kisasa imeanza kubeba abiria tangu 2024, mizigo nayo inaingia, na vipande vya kuelekea Mwanza vinajengwa. Shehena itaongezeka pande zote mbili za gati. Treni ya umeme inaleta hatari ambazo fundi wa reli ya zamani hakuzijua: waya wenye volti 25,000 juu ya kichwa, na mwendo usiompa mtu wa njiani muda wa kugeuka mara mbili. Kuchukua gengi la reli ya zamani na kulipeleka huko kwa semina ya siku chache ni kutafuta msiba kwa tochi.

Bajeti ya Wizara ya Uchukuzi kwa kawaida husomwa Mei. Wabunge watasimama kuomba stesheni, gati, kivuko, na ni haki yao. Namwomba mmoja tu, wa chama chochote, aulize swali la nyongeza: mwaka uliopita wafanyakazi wangapi wa reli, meli na bandari wamekufa kazini, na ripoti ya kila mmoja tunaisomea wapi?