Mwezi wa mkopeshaji na mwezi wa ziwani

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka tu, kijiwe chetu cha kahawa hapa Mwanga kinageuka baraza la mitihani. Safari hii mzee mmoja, fundi ujenzi wa siku nyingi, mjukuu wake kapata F ya hesabu, akaweka kikombe chini akasema: "Hesabu za kazi gani? Mi nimejenga nyumba za watu humu Kigoma mpaka nywele zimekuwa nyeupe, sijawahi kutumwa kumtafuta x." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, ila nimerudi nyumbani ile kauli imenikaa, maana si ya kipuuzi hata kidogo, afu bado naona kuna mahali inateleza.

Haki yake kwanza nimpe. Huyo mzee akitaka kona ya nyumba ikae sawa anachukua kamba, anapima futi tatu huku, nne kule, akikatiza lazima ipatikane tano, isipopatikana anasogeza kigingi. Mafundi wote wanaijua hiyo tatu nne tano na wengi hawajawahi kusikia kwamba darasani inaitwa kanuni ya Pythagoras. Nenda Kibirizi asubuhi mitumbwi ikiingia uone mama anavyonunua dagaa kwa beseni, kichwani ameshatoa nauli ya bajaji, ameshagawa kwa makopo, ameshajua faida, wewe bado unatafuta kikokotoo kwenye simu. Na watoto ndo hivyohivyo. Mwaka 2022 waliofaulu hesabu kidato cha nne nchi nzima walikuwa kama asilimia 20, yaani katika watano anapita mmoja. Huwezi kunishawishi kwamba hao wanne hawana akili ya namba, wakati Jumamosi wanamuuzia mama mawese sokoni na hawapunjwi hata hamsini. Wamekutana na hesabu kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza, darasa limejaa, mwalimu anaandika ubaoni anafuta. Anayesema ufundishaji una shida mi niko naye.

Ila kutoka hapo kuruka mpaka "hesabu za darasani hazina kazi mtaani", hapo ndo tunaachana. Kwa sababu hesabu ya mtaani ni kali sana kwa kitu unachokiona: beseni, kopo, chenji. Kwa kitu kisichoonekana inalala, na kuna watu wanaishi mjini kwa kujua kwamba imelala.

Nina jirani yangu, mama mtu mzima, mtaa mzima tunamwita shangazi. Anauza dagaa. Alichukua ile mikopo tunayoiita kausha damu, na namba zake nitazizungusha kidogo ili tuhesabu kirahisi. Mkopo laki mbili. Marejesho 8,000 kila siku, siku thelathini, jumla 240,000. Wakamwambia riba ni asilimia 20, na kweli ukigawanya elfu arobaini kwa laki mbili unapata 20, hakuna aliyedanganya. Sasa twende taratibu. Siku ya kuchukua walikata 10,000 ya fomu, kwahiyo mkononi kapata 190,000. Anarudisha 240,000. Gharama yake ni 50,000, sio 40,000. Hiyo ya kwanza, na hii shangazi mwenyewe aliijua, alinung'unika siku hiyohiyo.

Ya pili hakuiona, na mi sikuiona mpaka nilipochukua karatasi. Ile laki na tisini hakukaa nayo mwezi mzima. Kesho yake tu ameanza kurudisha. Katikati ya mwezi deni limebaki kama nusu, siku ya mwisho hakuna kitu. Ukitafuta wastani, ule wastani wa shule ya msingi kabisa wala sio wa chuo kikuu, hela ya watu aliyokuwa ameishika kwa mwezi ule ni kama laki moja hivi. Kwa laki moja ya mwezi mmoja amelipa elfu hamsini. Hiyo sio asilimia 20 jamani, hiyo ni karibu asilimia 50 kwa mwezi. Na Benki Kuu imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, wale wanaokopesha bila kupokea amana za watu, yaani hata ukiipiga kwenye laki mbili nzima bila kupunguza ni shilingi 7,000. Elfu saba na elfu hamsini! Halafu mtu ananiambia asilimia hazina kazi.

Shangazi nilipomwonyesha hakushtuka kama nilivyotegemea. Akaniambia, "Mwanangu, mimi sihesabu asilimia, mimi nahesabu siku. Nikipata elfu kumi kwa siku, nane nawapa, naendelea." Na msimdharau, hapo kuna hoja. Biashara ya dagaa mtaji unazunguka kila siku, kwahiyo riba ambayo ingemuua mkulima anayesubiri maharage yake kule Kasulu miezi mitatu, muuza dagaa anaweza kuibeba. Wachumi wengi wanaolaani mikopo hii hawajawahi kukaa na hiyo hoja, wanaona ujinga tu.

Shida ni kwamba mwezi wa mkopeshaji una siku thelathini za kazi na mwezi wa ziwani hauna.

Dagaa wa huku wanavuliwa usiku kwa taa. Giza likiwepo taa inawavuta wanakusanyika, mbalamwezi ikiwaka ziwa zima limekuwa taa, dagaa wanatawanyika, wavuvi wanabaki nchi kavu wanashona nyavu. Hiyo inakula kama siku nane katika kila mzunguko, na mzunguko wenyewe ni siku 29 na nusu, kwahiyo hakuna mkopo wa mwezi mmoja unaoikwepa. Sasa weka kwenye karatasi. Siku 22 mara elfu kumi ni 220,000. Marejesho 240,000. Nyumbani anatumia elfu tano kwa siku, ambayo kwa watoto wanne ni kujibana haswa, 150,000. Alianza na 190,000, ongeza 220,000, toa 240,000, toa 150,000. Anamaliza na 20,000. Deni limeisha, mtaji umeisha, anarudi dirishani kukopa tena. Kama mbalamwezi isingekuwepo angemaliza na laki moja ya kwake mwenyewe. Elfu themanini nzima imebebwa na mwezi, na hapo nimemhurumia, nimechukulia faida haipungui hata mtaji ukipungua. Mwaka 2024 ambapo Ziwa Tanganyika lilifungwa watu wasivue kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, we fikiria aliyekuwa amekopa wiki moja kabla.

Mtu atasema mkopo ulimlisha mwezi mzima na wanawe, na ni kweli, shangazi mwenyewe alinijibu hivyohivyo: "Si tumekula?" Wamekula. Ila akirudia hivyo mwaka mzima ni elfu hamsini mara kumi na mbili, laki sita, mara tatu ya mtaji anaouhangaikia, na kila mara anaona anashindwa kwa sababu ya bahati mbaya au jicho la mtu. Hicho ndo kinachoniuma zaidi ya riba yenyewe. Mtu anapigwa na jambo linaloandikika kwenye mistari minne, yeye anatafuta mchawi.

Kingine, na hiki kilinifanya nimvulie kofia: shangazi siku hizi anakopa kesho yake mbalamwezi ikishapita, ili apate wiki tatu za giza mbele yake. Hakuna aliyemfundisha. Nilipiga hesabu nikaona jumla haibadiliki hata senti, siku nane ni nane tu ziwe mwanzoni au mwishoni, ila anakuwa na akiba ya kulipia zile siku kavu badala ya kukimbizwa na watu wa marejesho mapema. Akili ipo. Kinachokosekana ni hatua moja tu mbele, na hatua hiyo ndo ile riba ya kwenye mada ya mfululizo wa namba ya kidato cha tatu ambayo mjukuu wa mzee wetu kapata F.

Basi nikamaliza maelezo yangu nikiwa najiona profesa, shangazi akaniuliza, "Hiyo ya elfu saba wanatoa dirisha gani? Na hawataki hati ya nyumba?" Nyumba yenyewe amepanga. Nikakaa kimya kidogo, maana hesabu haina hati.

Nikamwambia tuseme wenzako mnaokopa pale mko ishirini. Kila mmoja anaacha elfu hamsini kwa mwezi. Hiyo ni milioni moja inatoka kwenye mtaa wenu kila mwezi, mikopo mitano ya laki mbili. Miezi minne tu, mikopo ishirini, mtaji wa kila mmoja wenu.

Akaacha kuchambua dagaa. Akaanza kutaja majina kwa vidole, huyu wa kona, yule wa mawese, mke wa fundi. Alifika kumi na saba.