Tundu dogo, dogo kiasi gani?

Baba mdogo alitoka kathlabu, chumba cha kuzibulia mishipa ya moyo, akiwa na stenti mbili moyoni, vijibomba vya waya vinavyouacha mshipa wazi, na kifuko cha mchanga juu ya nyonga. Madaktari walikuwa wamepitisha mrija pajani. Akaambiwa alale chali hadi asubuhi, mguu asiukunje. Kifua kilitulia siku ileile. Kilichomkera mzee ni kujisaidia kitandani huku wanawe wamesimama nyuma ya pazia. Kulipokucha paja lilikuwa jeusi kama bilinganya, damu imevilia ndani, na akabaki wodini siku nne zaidi.

Tulikuwa tumeambiwa ni "tundu dogo tu". Tangu hapo nikisikia maneno hayo redioni, nauliza: dogo kiasi gani?

Kumbe kipimo kipo. Katheta, ule mrija unaopitishwa ndani ya mshipa hadi moyoni, hupimwa kwa frenchi, na frenchi 3 ni milimita 1. Urithi huo umetoka kwa Charrière, fundi wa vifaa vya upasuaji wa Paris katika karne ya 19. Namba 6 ina unene wa milimita 2. Namba 8 inakaribia 2.7. Andreas Grüntzig alipozibua mshipa wa moyo kwa puto mjini Zurich, Septemba 1977, na kwa miaka mingi baadaye, mirija ilikuwa minene na njia ilikuwa paja. Mshipa wa huko ni mpana, ila umejificha; damu inaweza kuvuja nyingi kabla mtu hajashtuka.

Mirija ilipokonda, mkono ukawezekana. Lucien Campeau wa Montreal alieleza mwaka 1989 namna ya kupiga picha za mishipa ya moyo kupitia kifundo cha mkono, na mwaka 1992 Ferdinand Kiemeneij wa Amsterdam akaanza kuzibulia hapohapo. Pale daktari anapopapasa mapigo, upande wa kidole gumba, mshipa umekaa juu ya mfupa. Unabanwa kwa mkanda, damu inakata, mgonjwa anakwenda msalani kwa miguu yake.

Lakini mshipa huo una upana wa milimita 2 hadi 3 tu, na kwa wanawake wengi ni mwembamba zaidi. Na namba zenyewe zina ujanja. Katheta hutajwa kwa unene wake wa nje, ila ala inayotangulia kuingia, ambayo katheta hupita ndani yake, hutajwa kwa kile inachoweza kubeba, kama ala ya kisu. Ala ya namba 6 kwa nje inafika takriban milimita 2.6. Ikizidi upana wa mshipa, mshipa unakakamaa, na baadaye unaweza kuziba kabisa. Kiganja huwa hakifi, kwa kuwa kuna mshipa mwingine upande wa kidole cha mwisho, lakini mlango umeshafungwa. Mwenye figo mbovu anaweza kuuhitaji mshipa huohuo siku ya kutengenezewa njia ya kusafishia damu.

Hapo nilitaka kupiga kelele kwamba kila mtu apewe namba 5. Daktari mmoja akanipoza. Mshipa wa baba mdogo ulikuwa umeziba kwenye njia panda, na kumalizia pale walijaza maputo mawili kwa pamoja, bega kwa bega. Ndani ya namba 6 yanaenea. Ndani ya namba 5 ya kawaida, hapana. Mrija mwembamba pia hulegea unaposukuma stenti kupita mahali palipogeuka chokaa, na dawa ya kuonyesha mishipa kwenye eksirei hupita kwa shida.

Nimekubali. Sidai tena wembamba kwa ajili ya wembamba. Ninachodai ni kwamba mshipa upimwe kwanza kwa altrasaundi, ndipo mrija uchaguliwe, na anayetaka kupitia paja au kutumia namba kubwa aseme kwa nini. Namba 6 ya baba mdogo ingeweza kupita mkononi. Hakuna aliyetueleza kwa nini haikupita.

Mwezi ujao ni zamu ya mama mdogo kupigwa picha. Mikono yake ni ya kuvaa bangili za mtoto. Nimemwandikia maswali mawili kwenye karatasi: mtapitia wapi, na namba ngapi? Akasema la tatu analo mwenyewe: msalani atakwenda kwa miguu yake?